Kamba wa chumvi nyumbani Mwanza: maji, dawa ya mbu na kujivua gamba

Mwangaluka wadau. Leo ni zamu ya kamba wa chumvi, wale wadogo wa rangi wanaofugwa kwenye matangi ya matumbawe, sio kamba wa kukaanga, nasema mapema maana mgeni akiingia sebuleni kwa mteja wangu yeyote swali la kwanza ni "sasa hawa mnawala lini?" Hawaliwi hawa. Mmoja ana urefu wa kidole na bei yake unakula sangara wiki nzima.

Mi kazi yangu ni kufunga matangi ya samaki na kuyahudumia hapa jijini, mengi ni ya maji baridi, furu wa rangi na wenzao, ila siku hizi tangi la chumvi limepata wapenzi kuanzia Capri Point mpaka Kiseke huko, na karibu wote wanakwama sehemu ileile. Samaki wanaishi, matumbawe yanaishi kwa kujikongoja, kamba wanakufa. Na mtu akipima maji anakuta namba zote ziko sawa, anachanganyikiwa, anaanza kusema kamba wa Mwanza hawakai.

Wanakaa. Shida ni kwamba kipimo kinakuonyesha maji ya saa hiyo tu, hakikuonyeshi jana yalikuwaje. Samaki ana figo na mashavu yanayofanya kazi ya kushikilia chumvi ya mwili wake hata maji ya nje yakichezacheza, lakini kamba wa matumbawe uwezo huo anao mdogo sana, majimaji ya mwili wake kwa sehemu kubwa yanafuata maji ya nje, yani ukibadilisha tangi umembadilisha na yeye ndani. Kwa hiyo kamba anayekaa kwenye chumvi ya 33 (yani gramu 33 za chumvi kwa kilo ya maji) kila siku mwaka mzima atakuwa mzima kuliko yule wa 35 leo, 32 Jumamosi ulipobadilisha maji, 37 wiki ijayo ulivyosafiri. Karibu kila ninachoandika hapa chini kinatokana na hilo, ukilishika mengine utayabuni mwenyewe.

Tuanze na chumvi yenyewe maana hapa ndo pesa inapopotea. Mtu anasema chumvi si chumvi tu, naenda dukani nachukua ya Uvinza au ile ya mabwawa ya Bagamoyo, nakoroga na maji ya bomba, bahari hiyo hapo. Hapana kaka. Kilo moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, kloridi kama gramu 19.4, sodiamu 10.8, salfeti 2.7, magnesi 1.3, kalsiamu na potasiamu kama 0.4 kila moja, halafu vidogovidogo vingine. Sasa angalia bwawa la chumvi pwani linavyofanya kazi: jua linakausha maji, kinachotangulia kutuama chini ni chokaa, inafuata jasi, ndo inakuja chumvi ya kula yenyewe, na magnesi inabaki kwenye yale maji machungu ya mwisho ambayo hayaingii kwenye mfuko. Yani chumvi ya kula imeachana na kalsiamu mwanzoni na magnesi mwishoni, na hivyo viwili ndo tangi la matumbawe linavitaka, kamba kwa gamba lake na matumbawe kwa mifupa yao. Ya Uvinza hata bahari haijawahi kuiona, inatoka kwenye chemchemi za chumvi kule Kigoma. Nunua chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya tangi la matumbawe, hakuna njia ya mkato. Kwa kawaida inaenda gramu 36 hadi 38 kwa lita, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kama gramu 720 hadi 760, na unaikoroga na pampu ndogo mpaka maji yawe maangavu kabisa, usiku kucha ikibidi, ndo unaipima. Usimwage chumvi kavu ndani ya tangi lenye wanyama. Najua unajua, lakini kuna anayesoma hajui.

Chumvi ya dukani ina kazi moja tu kwenye hii fani na ni nzuri kweli: kusahihisha rifraktomita. Hiki ni kile kidubwasha cha kuchungulia kupima chumvi, unaweka tone la maji unaangalia mwangani, na wengi wanakisahihisha kwa maji safi kwenye sifuri halafu wanaamini kwamba hata kule juu kwenye 35 kitakuwa sawa. Mara nyingi hakiwi sawa. Pima gramu 36.5 za chumvi safi kavu, yeyusha kwenye gramu 963.5 za maji yaliyochujwa, hapo una kilo moja ya maji ambayo yanapinda mwanga sawasawa na maji ya bahari ya 35. Weka tone, kaza skrubu mpaka isome 35, kwisha. Mizani iwe ya maana lakini, ile ya jikoni yenye sindano hapana. Kama kifaa chako kinasoma ule uzito linganishi, 35 ni kama 1.026 kwenye joto la 25.

Maji sasa. Bomba la Mwanza ni maji ya ziwa, kuna chanzo kikubwa pale Capri Point, yanasafishwa yanatiwa klorini yanapandishwa milimani, halafu kwako yamepita kwenye bomba refu, koki, simtanki, labda kipande cha chuma cha zamani alichoacha fundi. Maji ya ziwa kwa asili ni mepesi, hayana madini mengi, hilo ni jema kwetu, ila klorini na vile vilivyookotwa njiani lazima vitoke. Utahitaji mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba kuyachuja, yenye chujio la mwisho la reisini, na kakipimo ka TDS, yani ka vitu vilivyoyeyuka majini, kasome sifuri au karibu nayo. Yale maji ya RO yanayouzwa kwenye madumu mtaani yanaweza kufaa ila yapime kwanza, maana wengine wanayarudishia madini ili yawe na ladha. Kuchota moja kwa moja ziwani usijaribu, hasa kipindi kile ufukwe umekuwa wa kijani, ule ukijani sio majani ni bakteria na wengine wana sumu. Na maji ya mvua ambayo kila mtu anayasifia kuwa ni safi, ni safi mpaka yaguse bati. Bati letu limepakwa zinki, na zinki kwa kamba ni sumu. Mama mmoja mteja wangu alikuwa anashangaa kwa nini kila masika kamba wanaisha na konokono wanalala chali, gata ya maji ilikuwa inamwaga kwenye tenki lilelile linalolisha mashine yake, na reisini ilishachoka zamani.

Halafu kuna kukauka. Maji yakipaa chumvi haipai. Tangi la lita 100 lenye 35 likipoteza lita 5 tu limeshafika karibu 37, na hapa kwetu Juni mpaka Septemba hewa kavu na upepo wa ziwa, tangi lisilo na mfuniko linashuka unaona kwa macho. Dawa yake ni maji matamu, yale ya RO bila chumvi, kila siku kidogo. Kila siku, sio Jumapili ukirudi kanisani unamwaga ndoo nzima kwa mpigo. Ukiweza funga boya, linafungua lenyewe kina kikishuka, na chombo cha akiba usikifanye kikubwa mno ili boya likikwama isiingie lita nyingi ukasafisha chumvi yote. Ukitaka kujua tangi lako litafuga kamba au halitafuga, angalia hapa kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Kuhusu joto mimi Mwanza naisifia. Dar ukifuga matumbawe bila mashine ya kupooza maji unapigana na jua mwaka mzima, sisi tuko juu, ziwa lenyewe liko mita kama 1,134 kutoka usawa wa bahari, usiku kunapoa, tangi linakaa 24 hadi 26 kwa urahisi na hita ndogo kwa ajili ya zile alfajiri za baridi. Ila urefu huo una gharama yake ambayo sioni ikizungumzwa. Hewa ya huku ni nyembamba, shinikizo ni pungufu kwa asilimia kama 12 ukilinganisha na pwani, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini inapungua hivyohivyo: maji ya bahari ya nyuzi 25 pwani yanashika kama miligramu 6.7 kwa lita, hapa kama 5.9. Vitabu vyote vya kufuga vimeandikwa na watu wa usawa wa bahari. Kwa hiyo uso wa maji lazima uchafuke, pampu ya mkondo ielekee juu, skima (kile chombo cha kutoa uchafu majini kwa povu) ifanye kazi usiku kucha, na usijaze samaki kwa kuiga picha ya tangi la Ulaya.

Umeme ukikatika ndo utajua hiyo tofauti ya asilimia 12 ina maana gani. Mkondo ukisimama oksijeni inaanza kushuka, na kamba utawaona wamepanda juu kabisa ya mawe karibu na uso wa maji, hiyo ni dalili. Nunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukienda, ni bei ndogo kuliko kamba mmoja. Inveta ni nzuri pia, weka pampu ya mkondo peke yake, taa na hita ziache.

Ila hiyo pampu ya hewa sasa. Inavuta hewa ya chumbani inaiingiza majini. Unaona naelekea wapi? Hapa tunaishi na mbu, tunaishi na yale mawingu ya vijidudu vya ziwani vinavyojaa ukutani jioni, na nyumba nyingi zina kopo la kupulizia. Kamba na mbu ni ukoo mmoja wa wanyama wenye magamba na miguu ya viungo, dawa inayoangusha mbu inamuangusha kamba, na zile za kundi la pairethroidi ambazo ndo ziko kwenye makopo mengi na kwenye vyandarua vyenye dawa zinaua kamba kwa kiasi kidogo mno, samaki kwenye tangi hilohilo anaweza asionyeshe chochote. Nikipigiwa simu kwamba kamba wote wameanguka kwa pamoja, wanarukaruka wakilala chali na miguu inatetemeka, namba za maji ziko sawa na samaki wanakula, swali langu la kwanza ni moja: "Dada, jana mlipuliza nini?" Kimya kidogo, halafu "ah, kijana wa kazi alipuliza chumba cha pili."

Chumba cha pili kinatosha. Utaratibu wangu kwa wateja ni kwamba chumba chenye tangi hakipulizwi, kinawekwa nyavu madirishani. Ikitokea nyumba nzima inapuliziwa ukutani na wale wa mradi wa malaria, na kanda ya ziwa hiyo tunaijua, usiwakatalie maana malaria ni malaria, ila waambie mapema, funika tangi lote kwa nailoni, zima pampu ya hewa na skima kwa muda wa kazi ukiacha mkondo wa ndani unazunguka, fungua madirisha kukauke kabisa ndo ufunue, na weka mkaa wa akwariamu kwenye chujio. Ukishashika chandarua kipya chenye dawa nawa mikono vizuri kwa sabuni na suuza, na losheni hivyohivyo. Udi wa mbu nao usiwashe chumba hicho.

Sumu nyingine ni shaba. Cha ajabu damu ya kamba inabeba oksijeni kwa shaba kama sisi tunavyotumia chuma, lakini shaba iliyoyeyuka majini inamuua haraka. Inaingia wapi? Kwenye dawa. Samaki wa chumvi wakipata madoa meupe dawa yake ya siku zote ni ya shaba, inafanya kazi kweli, na muuzaji atakupa bila kukuuliza kama una kamba. Angalia chupa ukiona Cu, yani shaba, acha. Samaki atibiwe kwenye ndoo au tangi la pembeni, na tangi la pembeni lisije kuwa la kamba baadaye, kwa sababu mawe na mchanga vinanyonya shaba na kuitoa polepole kwa miezi. Ukinunua tangi la mtumba lenye mawe yake uliza historia, na kama muuzaji hajui, chukua kioo acha mawe. Na kwa wanaochongesha tangi kwa fundi vioo hapa mjini, mwambie silikoni isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia fangasi.

Sasa mgeni kafika. Huku kwetu kamba wanatoka Dar kwa ndege, wengine wamesafiri kutoka Indonesia au Kenya kabla ya hapo, na anakaa kwenye mfuko siku nzima. Ndani ya mfuko anapumua, kabonidayoksaidi inapanda, pH inashuka, amonia anayotoa inajilimbikiza lakini kwa sababu pH iko chini haina makali. Ukifungua mfuko gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka kuwa sumu kali. Ndo maana siwapendi wale wanaosema mzoeshe masaa matatu hata kama katoka Jakarta. Nafanya hivi: mfuko unaelea kwanza dakika 20 ukiwa umefungwa ili joto lilingane, naufungua, napima chumvi ya mfuko hapohapo. Wauzaji wengi wanasafirisha kwenye chumvi ya chini, 30 au hata 28 utaikuta. Ukijua mapema muulize kwa simu, halafu tayarisha chombo cha pembeni chenye chumvi hiyohiyo, kamba anaingia humo moja kwa moja bila kukawia kwenye maji machafu, halafu ndo unaipandisha polepole siku mbili tatu. Kama tofauti ni ndogo, pointi moja mbili, matone ya saa moja hivi yanatosha.

Kwa matone nenda duka la dawa nunua mpira wa dripu, ule wa hospitali, ni bei ya soda mbili tatu na una kale kagurudumu ka kubana, unarekebisha matone mawili kwa sekunde bila kufunga mafundo. Mpya, usiotumika, suuza kwanza. Maji ya mfuko usiyamwage tangini, kamba mtoe na kikombe, sio wavu, antena zake ndefu zinakatika kwenye wavu.

Usimlete wiki ya kwanza tangi linapojazwa. Bakteria wa kula amonia wanahitaji wiki nne mpaka sita kwenye mawe makavu, na mimi kwa kamba naongeza mwezi mwingine juu yake. Amonia sifuri, naitraiti sifuri, naitreti chini ya 20, ukali wa alkali dKH 8 au 9, kalsiamu 400 hadi 450, magnesi 1,250 hadi 1,350. Na mawe yetu ya Mwanza haya ya granaiti yanayotupa jina, ni mazuri mlimani, tangini yanakaa bila kudhuru kwa kawaida lakini hayana vitundu vya bakteria kuishi, na ukiona jiwe lina mshipa wa rangi ya dhahabu au kutu liache, hii ni kanda ya madini. Chukua mawe makavu ya chokaa yenye vitundu. Matumbawe ya hai ya kuvunja baharini sitaki kuyasikia, hifadhi za bahari kama Mafia ziko kwa sheria, na matumbawe magumu yako kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, ukipeleka au kuleta kuvuka mpaka lazima karatasi.

Kujivua gamba. Ile ya wanasiasa ya 2011 tuiache, huyu anajivua kweli. Gamba la kamba halikui, kwa hiyo kila baada ya wiki chache anapasuka mgongoni anatoka mzimamzima mpaka macho na antena, anaacha nakala yake imesimama kwenye mchanga, na hapo ndo ninapokea picha za misiba. "Kaka kamba wangu kafa." Vuta picha, angalia, ni jeupe lina mwanga unapita, limepasuka kati ya mgongo na mkia, hilo ni gamba. Kamba aliyekufa anageuka rangi ya waridi isiyopitisha mwanga kama wa kuchemsha. Mwenye gamba yuko nyuma ya jiwe, laini, anaogopa kila mtu, atakaa siku moja mbili haonekani mpaka gamba jipya likaze kwa kalsiamu anayoivuta majini. Usihamishe mawe kumtafuta! Gamba la zamani liache, watalitafuna wenyewe.

Kujivua kukishindikana, yani anakwama nusu nje nusu ndani, watu wanakimbilia chupa ya madini joto. Imekuwa imani kabisa, kwamba kamba bila kudondoshewa madini joto hajivui. Mi sidondoshi, na siwashauri wateja, maana chumvi nzuri ya matumbawe inayo tayari, ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki inarudi, na ukizidisha unatengeneza sumu nyingine. Ninapokuta kamba aliyekwama nauliza kwanza wiki hiyo kulibadilishwa nini, na mara nyingi jibu ni ndoo kubwa ya maji mapya ambayo chumvi yake haikupimwa.

Chakula hakina hadithi ndefu. Wanakula mabaki ya samaki na kipande kidogo cha kamba wa kugandishwa asiye na viungo mara mbili tatu kwa wiki. Wale uduvi wadogo wa ziwani, Caridina nilotica, ambao wanaingia kwenye nyavu za dagaa, nimewagandisha na kuwasuuza nikawapa kama chakula na wanawapenda. Ila kuna kijana wa Kirumba alitaka kuwafuga humohumo kwenye chumvi kwa sababu ni wa bure. Wa ziwani hawakai kwenye 35, mdogo wangu, wanakufa.

Wa kuanza naye ni kamba msafishaji, Lysmata amboinensis, mwenye mstari mweupe kwenye mgongo mwekundu na antena nyeupe anazozipunga akiita samaki waje wasafishwe. Haogopi mtu, atakusafisha hadi kucha. Weka wawili, maana hawa wote huanza dume halafu wakikua kila mmoja anakuwa dume na jike kwa wakati mmoja, yani wawili wowote ni mke na mume, na kila baada ya mmoja kujivua gamba utamwona ana mayai ya kijani tumboni. Usipate presha ya kulea vifaranga, viluwiluwi vinachukua miezi kukua na vinataka chakula hai kila siku, tangini vinaishia kuwa chakula cha matumbawe usiku huohuo. Mwizi lakini huyu msafishaji, utalisha tumbawe yeye atalichomoa chakula mdomoni.

Lysmata wurdemanni, wa pilipili, ni yule wa kula zile anemoni za kero za Aiptasia zinazoota kila mahali. Angalia usiuziwe yule mwenye mgongo wa nundu na macho makubwa, Rhynchocinetes, wanafanana kwa haraka haraka ila huyo anatafuna matumbawe laini. Bondia mwenye mistari nyekundu na nyeupe, Stenopus hispidus, mmoja tu au jozi iliyokubaliana, akikutana na mwenzake asiyemjua ni vita, na kamba wadogo wengine wasahau. Yule mzuri wa madoa anayepigwa picha sana, Hymenocera picta, mimi nakataa kumleta Mwanza. Anakula kiti cha pweza, yani nyota wa bahari, peke yake, hana chakula kingine, na viti vya pweza wewe wa Nyegezi utavitoa wapi kila mwezi? Kikande, bunju na chewa wadogo usichanganye nao, hao wanakula kamba kama wewe unavyokula karanga.

Wa mwisho ni mpigaji, Alpheus, haoni vizuri, anachimba shimo chini ya mawe na anaishi na samaki mdogo wa gobi anayemlindia mlango, antena moja ya kamba iko mgongoni mwa gobi muda wote, gobi akitikisa mkia wote wanaingia ndani. Mawe yako lazima yakae kwenye kioo cha chini kabisa, sio juu ya mchanga, la sivyo atachimba yaanguke. Na kucha yake kubwa akiifunga kwa kasi inatengeneza povu linalopasuka kwa mlio mkali, kwa hiyo ukisikia usiku "tak!" kutoka sebuleni, kabla hujanipigia saa nane kwamba kioo kinapasuka, angalia kwanza kama huyu ni wako.